Uzi wa Sentimita 60

Kabla hujagusa gitaa, na kabla hujafungua kinywa mbele ya kwaya, naomba ufanye kwanza kazi ya mikono ya nusu saa. Tafuta ubao wa urefu wa mita moja hivi, msumari mmoja, penseli kuukuu ya kukatwa vipande, mshipi wa kuvulia samaki wenye unene wa nusu milimita, na chupa mbili za plastiki: moja ya nusu lita, nyingine ya lita mbili. Pigilia msumari upande mmoja wa ubao, funga mshipi hapo, upitishe juu ya ubao hadi upande wa pili, kisha kwenye ncha yake ning'iniza ile chupa ya nusu lita ikiwa imejaa maji. Chini ya mshipi ingiza vipande viwili vya penseli vinavyoachana sentimita 60 kamili. Ulaze ubao juu ya sanduku tupu la mbao, ukingoni mwa meza, chupa ining'inie bila kugusa kitu.

Sasa kwanyua mshipi kwa kidole.

Sauti itakayotoka ni ndogo, lakini ni sauti ya muziki. Utazame mshipi kwa upande: katikati unaonekana umenenepa, kama kivuli. Haujanenepa. Unakwenda na kurudi kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Kila safari moja ya kwenda na kurudi tunaiita mtetemo, na idadi ya mitetemo katika sekunde moja hupimwa kwa hezi. Mshipi wa unene huo, kwa urefu huo na uzito huo, hutetema karibu mara 120 kwa sekunde. Kila unapokwenda mbele husukuma hewa iliyo jirani, na kila unaporudi huiachia nafasi. Msukumo huo husafiri hewani kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde mpaka kwenye sikio lako, na sikio hupokea misukumo 120 kila sekunde. Hakuna kingine kilichosafiri. Sanduku lililo chini ya ubao halikuongeza hata mtetemo mmoja. Kazi yake ni kutikisika pamoja na mshipi, na kwa kuwa ni pana, linasukuma hewa nyingi kuliko uzi mwembamba unavyoweza kusukuma peke yake. Tumbo la gitaa na kibuyu cha zeze vinafanya kazi hiyohiyo.

Nimeanza hapa, mbali na picha za vidole zinazouzwa kwenye vitabu vya gitaa, kwa sababu naamini anayeanza huonewa pale anapopewa majibu kabla ya swali. Huambiwa weka kidole hapa, hapa na hapa. Vidole vikifika, hajui amefanya nini. Uzi mmoja unatosha kumwonyesha.

Chukua kipande cha tatu cha penseli, kinene kidogo kuliko vile viwili, ukiingize chini ya mshipi katikati kabisa, sentimita 30 kutoka upande wa kushoto. Kwanyua upande huo wa kushoto. Utasikia jambo la ajabu ambalo tumelizoea mno hata hatulioni: sauti imepanda, lakini ni kama ileile. Ukiimba ile ya kwanza na mtoto wako akaimba hii ya pili, mtu aliye nje ya nyumba atasema mnaimba sauti moja. Uzi uliokatwa nusu hutetema mara mbili zaidi: 240 badala ya 120. Uwiano huo wa 2 kwa 1 ndio huitwa oktava.

Endelea kusogeza kipande. Ukiacha urefu wa sentimita 40, yaani theluthi mbili ya uzi, mitetemo inakuwa 180, uwiano wa 3 kwa 2. Mwimbaji wa kwaya ataitambua papo hapo: ni so, iliyokaa juu ya do. Kwa sentimita 45 utapata fa. Kwa 48 utapata mi. Weka alama kwa kalamu juu ya ubao: do 60, re 53 na milimita 3, mi 48, fa 45, so 40, la 36, ti 32, do ya juu 30. Sasa zikwanyue kwa mfuatano, ukisogeza kipande kutoka alama hadi alama. Ngazi nzima uliyosikia ikiimbwa tangu utotoni imelala mbele yako juu ya ubao, kwa sentimita, na ulichotumia ni rula.

Hapo pana swali linalostahili kukaa nalo. Kwa nini vipimo hivi? Kwa nini theluthi mbili ipendeze sikioni, na si, tuseme, sentimita 41 na nusu?

Jibu liko ndani ya uzi wenyewe. Ondoa kipande cha tatu ili uzi uwe mzima tena. Safari hii usiubonyeze. Uguse tu, kwa wepesi wa unyoya, kwenye alama ya sentimita 30, uukwanyue, kisha uondoe kidole mara moja. Utasikia oktava ikilia kama filimbi nyembamba. Gusa kwenye sentimita 20 na ukwanyue: sasa unalia so ya oktava ya pili, mitetemo mara tatu ya ile ya uzi mzima. Gusa kwenye 15: mara nne. Gusa kwenye 12, kwa utulivu: mara tano, na hiyo ni mi. Kidole chako hakikuziumba sauti hizi. Zilikuwemo tangu ulipoukwanyua mara ya kwanza. Uzi hutetema mzima, na wakati huohuo hutetema kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake, vyote kwa pamoja, na kidole chepesi kinanyamazisha baadhi ili nyingine zisikike. Kila do iliyowahi kuimbwa ilibeba tumboni mwake so na mi. Kwa hiyo zikiimbwa pamoja na do, hazilijii sikio kama wageni. Baadhi ya sauti zao ndogondogo zilikwisha kuwepo.

Wapo watu walioisikiliza ngazi hii iliyofichika kwa makini kuliko wengi duniani, nao ni Wagogo wa Dodoma. Mtafiti Gerhard Kubik alionyesha kwamba mpangilio wa sauti za Wagogo, katika uimbaji na katika marimba yao ya mkono iitwayo ilimba, unafuata sehemu hizi za asili za uzi: ya nne, ya tano, ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa. Ile ya saba ndiyo yenye siri. Kwenye ubao wako iko kwenye sentimita 34 na milimita 3, kati ya la na ti, mahali ambapo kinanda cha umeme hakina kitufe kinacholingana nayo kamili. Ukimsikiliza Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2003, mwalimu wa miaka mingi katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, utakutana na sauti hiyo mara kwa mara. Mtu aliyelelewa na kinanda anaweza kudhani ilimba imelegea. Haijalegea. Inasema ukweli wa uzi kwa usahihi ambao kinanda hakiwezi kuufikia.

Nitafafanua kwa nini hakiwezi, maana anayenunua gitaa lake la kwanza ataishi na jambo hili bila kuambiwa. Shingo ya gitaa ina vyuma vidogo vilivyolala kwa upana wake, viitwavyo freti. Kila freti ni kama kile kipande chetu cha tatu cha penseli, ila kimekwisha kuwekwa na fundi. Ikiwa urefu wa uzi ni sentimita 65, freti ya 12 iko katikati kabisa, 32 na nusu. Freti ya saba, inayotoa so, inaacha urefu wa sentimita 43.4, na theluthi mbili kamili ni 43.3. Vizuri sana. Lakini freti ya nne, inayotoa mi, inaacha 51.6, ilhali mi safi ingetaka 52.0. Fundi amekosea milimita nne? Hapana. Amefanya suluhu. Ukizipanga freti kwa uwiano safi kutoka do moja, wimbo utalia vizuri kwenye do hiyo tu, na ukihamia do nyingine utaharibika. Hivyo oktava imegawanywa hatua 12 zilizo sawa kabisa, kila hatua ikizidisha mitetemo kwa 1.0595, na kila sauti imekubali kukosa kidogo ili zote ziweze kuhama pamoja. Udi wa taarabu hauna freti. Mpigaji wake hana suluhu ya kufuata. Kidole chake husimama pale sikio linaposema simama. Nawaheshimu wapigaji udi kwa sababu hiyo, na sitamshangaa anayeanza akichagua gitaa.

Rudi kwenye ubao. Toa chupa ya nusu lita, ning'iniza ya lita mbili iliyojaa. Uzito umekuwa mara nne. Kwanyua. Sauti imepanda karibu oktava nzima, yaani mitetemo mara mbili tu. Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliyachapisha mahesabu haya mwaka 1636: urefu ukipungua nusu, mitetemo huongezeka maradufu, lakini ukitaka maradufu hayo kwa njia ya mkazo, lazima mkazo uwe mara nne. Na uzi mnene hutetema polepole kuliko mwembamba wa urefu na mkazo uleule. Urefu, mkazo, unene. Sasa unajua kila kinachoweza kufanywa na uzi wa gitaa, na kwa nini nyuzi sita za urefu mmoja zinatofautiana unene, na kwa nini kuna vigingi kichwani mwa gitaa.

Weka mkono kwenye kikoromeo chako, useme aaa. Unachokihisi kinatikisika hapo ndani ni mikunjo miwili ya misuli na utando laini, yenye urefu wa sentimita moja na nusu hadi mbili, iliyolala ndani ya zoloto. Tunaiita nyuzi za sauti, ingawa inafanana zaidi na midomo miwili iliyobanwa. Umewahi kumwona mtoto akivuta shingo ya puto lililojaa hewa mpaka likalia? Hewa husukuma mipira miwili ifunguke, nayo kwa unyumbufu wake hurudi na kujifunga, hewa huisukuma tena. Kooni ni hivyohivyo. Mwanamume anapozungumza kawaida, nyuzi zake hufunguka na kufunga mara 100 hadi 130 kwa sekunde. Mwanamke, karibu mara 200. Mtu wa kwanza kuzichunguza zikiwa kazini ndani ya koo lake mwenyewe na kuutangazia ulimwengu hakuwa daktari. Alikuwa Manuel García, mwalimu wa kuimba, ambaye mwaka 1854 alijitia kioo kidogo cha daktari wa meno nyuma ya kinywa na kukimulika kwa mwanga wa jua.

Ukipandisha sauti, nyuzi hizi hurefushwa. Subiri: si tumesema uzi mrefu hutoa sauti ya chini? Ndiyo, lakini uzi wa kwenye ubao tuliurefusha bila kubadilisha mkazo, kwa kuwa chupa ilikuwa ileile. Nyuzi za koo ni kama mpira wa manati: huwezi kuurefusha bila kuukaza na kuufanya mwembamba. Urefu unavuta sauti chini. Mkazo na wembamba vinaivuta juu, navyo vina nguvu zaidi. Msuli unaofanya kazi hii ni mdogo na haujui kupiga kelele. Ndiyo maana mtu anayejitahidi kufikia sauti ya juu kwa kukunja shingo, kuinua kidevu na kufoka amekosea mahali pa kuweka nguvu. Shingo haina uzi wa kukaza. Ameongeza pumzi tu, na pumzi huongeza ukubwa wa sauti kuliko inavyoongeza mwinuko wake.

Pumzi kiasi gani basi? Chukua glasi ya maji na mrija. Zamisha mrija sentimita sita au nane, upulize mapovu taratibu, yasikatike. Msukumo huo mdogo, wa kutosha kushinda sentimita chache za maji, ndio mtu anaoutumia kuzungumza. Kuimba kwa sauti ya wastani hakuhitaji zaidi ya hapo kwa mbali. Wengi wanaoanza hupuliza kana kwamba wanawasha jiko la mkaa. Baada ya mapovu kutulia, tia sauti: imba wimbo wowote unaoujua kupitia mrija huohuo, mapovu yakiendelea. Zoezi hili hutumiwa na wataalamu wa sauti sehemu nyingi duniani, kwa sababu maji yanarudisha msukumo kidogo kooni na kuzisaidia nyuzi zitetemeke bila kugongana kwa nguvu. Dakika tatu zinatosha. Mimi hulifanya kila ninapohisi koo limechoka.

Kilichobaki, yaani koo lililo juu ya nyuzi, kinywa na midomo, ni sanduku chini ya ubao, ila ni sanduku linalobadilika umbo. Imba do moja bila kuipandisha wala kuishusha: aaa, eee, iii, ooo, uuu. Nyuzi hazikubadili chochote. Umebadili umbo la chumba, nacho chumba kimechagua zipi kati ya zile sauti ndogondogo zivume na zipi zififie. Kiswahili kimetupa irabu tano zilizo wazi na safi, karibu kila silabi ikiishia kwenye irabu, na sijui zawadi kubwa zaidi kwa mwanafunzi wa kuimba.

Sasa tufike penye ugumu wenyewe. Ubao una alama. Gitaa lina freti. Koo halina alama wala freti, na huwezi kuliona. Unaimbaje so bila kujua sentimita 40 ya koo iko wapi?

Kwa sikio. Mtetemo ukipita ngoma ya sikio na vile vifupa vitatu vidogo, huingia kwenye mfereji uliojikunja kama konokono, wenye utando ambao ungenyooshwa ungekuwa na urefu wa milimita 35 hivi. Kila sehemu ya utando huo huitikia mitetemo ya idadi yake: sauti za juu karibu na mlango, sauti za chini huko mwisho. Georg von Békésy alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kueleza jinsi wimbi linavyosafiri juu ya utando huo. Na hapa pana jambo linalonigusa kila nikilifikiria: kwa sehemu kubwa ya utando, kila oktava imepewa nafasi inayokaribia kulingana na ya nyingine. Kutoka 500 hadi 1,000 ni karibu umbali uleule na kutoka 1,000 hadi 2,000. Sikio, kwa umbile lake, linahesabu kwa uwiano.

Uwiano ndio unaokufanya uutambue wimbo hata ukiimbwa na bibi kwa sauti nzito au na mjukuu kwa sauti nyembamba. Do ni popote. Mwingereza Sarah Glover, na baada yake John Curwen katika karne ya 19, walijenga juu ya jambo hilo njia ya kuandika muziki kwa herufi tu, d, r, m, f, s, l, t, bila mistari mitano, na njia hiyo, iitwayo solfa, ikaenea Afrika kupitia shule na makanisa. Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg, aliandika nyimbo zake kwa solfa, na mmojawapo, alioutunga mwaka 1897, umetupa tuni ya wimbo wa taifa wa Tanzania. Kila asubuhi shuleni, watoto hawaulizani do iko hezi ngapi. Mmoja anaanzisha, wengine wanapima kutoka hapo.

Do hiyo isipowekwa mahali pazuri, mtu huhukumiwa bure. Nafundisha wanaoanza jioni mbili kwa wiki, na zamani kidogo alinijia mama mmoja wa makamo, akakaa mwisho kabisa.

"Mwalimu, mimi nimekuja kusikiliza tu," akasema. "Sauti sina. Niliambiwa tangu shuleni."

"Sawa, mama. Lakini nisaidie jambo moja. Ukimwita mtu aliye ng'ambo ya shamba, unamwitaje?"

Akaita. Sauti ilijaa chumba. Nikatafuta kwenye kinanda mahali sauti hiyo ilipokuwa, nikaifanya so, nikashuka mpaka do. Wimbo uleule uliomshinda miaka yote aliuimba kuanzia hapo hadi mwisho. Shuleni walimweka sauti ya kwanza kwa kuwa ni mwanamke, na do yao ilikuwa juu ya koo lake. Sasa anaimba sauti ya pili.

Wapo kweli watu wachache ambao ubongo wao hautofautishi sauti za muziki tangu kuzaliwa. Isabelle Peretz wa Montreal na wenzake wamekadiria kwamba hawazidi asilimia 1 na nusu. Wengi kati ya wengine wanaoambiwa hawana sauti husikia vizuri kabisa. Humtambua mwimbaji anapokosea. Kosa lao liko kwenye njia ya kutoka sikioni kwenda kwenye msuli wa koo, na njia hiyo hujengwa kwa kupitiwa.

Namna ya kuipitia ni hii. Kwanyua uzi wako, au bora zaidi shikilia kitufe kimoja cha kinanda ili sauti isife. Anza kuimba chini yake makusudi, uuu, kisha uvute sauti yako juu polepole, kama unavyosogeza kile kipande cha penseli. Ukikaribia, utasikia sauti mbili zikitikisika pamoja: wau, wau, wau. Hesabu ya mtikisiko huo ni rahisi ajabu. Kinanda kikitoa 220 nawe ukitoa 216, utasikia mitikisiko minne kila sekunde, kwa kuwa mawimbi mawili hukutana na kusaidiana, kisha hupishana na kuuana, mara nne. Ukifika 218, miwili. Ukifika 220, kimya: sauti mbili zimekuwa moja na unaweza kuhisi kifua kimetulia. Huhitaji mwalimu kukuambia umefika. Mwanamume anayejaribu kumfuata mwimbaji wa kike asishangae akijikuta oktava chini. Yuko sahihi, uwiano ni 2 kwa 1, aendelee.

Gitaa hutengenezwa sauti kwa mtikisiko huohuo. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene, kwenye freti ya tano, uupige pamoja na uzi wa tano ukiwa wazi. Wa sita hapo unatakiwa kutoa hezi 110, na wa tano vilevile. Ukisikia wau mbili kwa sekunde, mmoja uko 108 au 112. Zungusha kigingi mpaka zitulie. Programu za simu zitakufanyia kazi hiyo kwa taa ya kijani, na sioni ubaya kuzitumia, ila fanya kwa sikio kwanza, kisha uitazame taa. Ukianza na taa, sikio halitapata zamu yake.

Kuhusu vidole sina mengi. Wiki za kwanza ncha huuma mpaka ziote sugu, na kubadilisha kodi, yaani kutoka kundi moja la sauti zinazopigwa pamoja kwenda kundi jingine, huwa kama kuhamisha nyumba. Punguza mwendo mpaka mahali ambapo vidole vinafika bila kukosea, hata kama wimbo hautambuliki, kwa sababu mkono hujifunza unachokifanya, si unachokusudia. Dakika 15 za kila siku hushinda saa mbili za Jumamosi, maana ubongo huendelea kupanga ulichojifunza wakati umelala, na ukifanya mara moja kwa wiki umeupa usiku mmoja tu wa kazi. Mapigo yahesabu kwa mguu.

Jambo moja huwavunja moyo wengi siku ya kwanza wanapojirekodi kwa simu. Husema, hii si sauti yangu. Ni yako. Unapoimba, unajisikia kwa njia mbili, kupitia hewani na kupitia mifupa ya kichwa, na mifupa hubeba vizuri zaidi sauti nzito. Simu imechukua ya hewani peke yake, ndiyo maana unajisikia mwembamba. Wenzako hawajawahi kukusikia kwa namna nyingine, na wimbo walioupenda kwako waliupenda kwa sauti hiyo. Jirekodi mara nyingi, usikilize kwa shabaha moja: wapi ulikusudia so ikatoka kitu kingine, juu au chini.

Ukiwa tayari kwa hatua inayofuata, rudi mezani. Imba do pamoja na uzi mzima mpaka mtikisiko uishe. Nyamaza. Weka kipande cha penseli kwenye sentimita 40, lakini usikwanyue. Imba so kwanza, peke yako, ukiitoa kichwani. Ishikilie. Sasa ndipo ukwanyue.

Siku za mwanzo utasikia umbali kati ya sauti yako na uzi, na kwa mara ya kwanza utajua umbali huo ni upande gani. Asubuhi, kabla hujazungumza na mtu, koo huwa chini kuliko jioni. Ikiwa do ya uzi iko juu mno kwako, mwaga maji kidogo kutoka kwenye chupa, ushuke nayo, uanze hapo.